Maji Yalipokauka

Ijumaa moja nilikuwa kwenye hiace natoka Himo kurudi Moshi mjini, tumebanana, mbele yangu mama mmoja kapakata ndoo ya maparachichi, simu ikatetema mfukoni. Voisi. Nikaisogeza sikioni. Alikuwa mdada niliyesoma naye sekondari, hatujawasiliana kama miaka sita hivi, sauti imechoka, nyuma yake kuna mtu anaita majina. Nikajua huyu yuko hospitali.

"Kaka, pole na majukumu. Samahani nakusumbua. Nimesikia mama yako, apumzike kwa amani, aliwekewa ule mpira wa kutoa maji kifuani. Baba na yeye wanataka kumwekea. Sisi hatuelewi. Tukubali?"

Nikaandika, ndiyo kubalini.

Nikafuta.

Nikaandika, subirini kwanza msikimbilie. Nikafuta na hiyo. Mpaka nashuka Kiborloni nilikuwa nimemwandikia tu "nitakupigia jioni dada", na jioni sikupiga, na kesho yake sikupiga, na leo inaingia wiki ya tatu. Kila nikishika simu nakwama palepale. Sio kwamba mpira haukumsaidia mama. Ulimsaidia sana. Kinachonikwamisha ni kitu nilichokifanya mimi mwenyewe, na naona mpaka nikiweke chini chote ndo nitaweza kumjibu.

Sentensi moja, pumzi tatu

Mama alianza kwa kushindwa kale kamlima ka kutoka barabarani mpaka nyumbani. Wanaoijua Marangu wanaelewa naongelea nini. Huyu ni mtu kapanda hapo maisha yake yote na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, sasa anasimama mara tatu anashika mgomba. Tukasema umri. Tukasema baridi ya Julai. Alafu akaanza kulala amekaa, mito mitatu mgongoni, na sentensi fupi tu anaikata mara tatu: "Baba... umewapa ng'ombe... maji?"

Huku kwetu ukisikia mtu ana maji kwenye mapafu wazo la kwanza ni TB, na wala si wazo baya, kwenye nchi kama yetu TB ni moja ya sababu kubwa za maji ya kifuani, sisi wa Kilimanjaro jina la Kibong'oto, ile hospitali ya TB, tumelisikia tangu kwa mababu. Hospitali ya kwanza tuliyoenda, sitaitaja, walimwanzishia dawa za TB. Titi lake la kushoto lilishatolewa miaka minne nyuma kwa kansa, lakini sisi wenyewe tulikuwa tunalitaja kama jambo lililoisha, kwa hiyo hata sisi hatukulisemea kwa nguvu. Maji ya kwanza yalipimwa, hayakuonyesha seli za kansa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo inatokea sana, kansa ipo na maji ya kwanza hayasemi kitu, inabidi kupima tena au kukata kinyama kidogo. Miezi miwili ikaenda kabla haijajulikana kwamba ni kansa ileile imerudi.

Kuna kitu nilielewa vibaya tangu mwanzo na nadhani wengi tunakielewa vibaya. Maji yenyewe hayako ndani ya mapafu. Pafu limevikwa ngozi laini, na ukuta wa kifua kwa ndani umevikwa ngozi ya namna hiyohiyo, katikati ya hizo ngozi mbili kila mmoja wetu ana majimaji kidogo tu, vijiko viwili vitatu vya chai, ya kulainisha ili pafu liteleze tunapopumua. Kansa ikifika pale maji yanazalishwa kuliko yanavyoondoka, yanajaa, yanalisukuma pafu mpaka linanywea. Pafu la mama halikuwa limezama, lilikuwa limekaliwa.

Siku ya kwanza walitoa lita moja na nusu kwa sindano, rangi kama juisi ya rozela iliyopoa, wakasimama hapo. Sio kwamba yaliisha, ila pafu lililobanwa muda mrefu ukiliachia ghafla sana linaweza lenyewe kuvimba maji. Mama akashuka kitandani akaongea sentensi nzima. Nikalia kwenye korido.

Baada ya siku tisa yakarudi.

Tukafanya hivo mara nne. Kila safari ni gari ya kukodi kutoka Marangu alfajiri, foleni, njaa, ganzi, sindano katikati ya mbavu, kurudi usiku. Mara ya nne mama akasema kwenye gari, bila hasira, kwamba yeye safari ya namna hii hawezi tena, bora ajae tu.

Chupa ishirini

Daktari wa kifua ndiye aliyetuelezea mpira. Kuna njia ya kumwaga unga wa talki ndani ili zile ngozi mbili zigandane na maji yakose pa kukaa, lakini kwa kawaida hiyo ni kulazwa siku kadhaa, na inataka pafu liwe linafunguka vizuri likafika ukutani. Njia nyingine ni huu mpira. Ni wa silikoni, mwembamba kuliko penseli, unaingia kati ya mbavu, unapitishwa chini ya ngozi sentimita kadhaa ndo unatokeza nje. Humo chini ya ngozi una kipande kama cha kitambaa, nyama inakishika na kukumbatana nacho, mpira hauchomoki na vijidudu havipati njia rahisi. Mwishoni kuna vali inayofungua tu ikichomekewa chupa yake. Chupa yenyewe imetolewa hewa kiwandani kwa hiyo ukiiunganisha inanyonya yenyewe. Unafanyia nyumbani.

Neno nyumbani ndilo lililomfungua mama macho.

Aliwekewa mwezi wa tisa, kwa ganzi ya pale pale, na jioni tukapanda naye Marangu. Mpira ulipatikana, ila chupa ndo ilikuwa shughuli, maana kila ukitoa maji unatumia chupa moja na unaitupa. Dada yangu anaishi Uingereza, akanunua boksi mbili, chupa ishirini, akatuma. Nesi akatufundisha pia kwamba tukiishiwa kuna kiunganishi cha kuweka mfuko wa kawaida uning'inie chini ya kitanda, maji yashuke yenyewe taratibu.

Mimi ni kitindamimba. Kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na kihamba, yani shamba la nyumbani, na wazazi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atamtoa maji mama. Lakini hakuna aliyefikiria pia kwamba mpira umetokeza pale pale chini ya kovu la titi. Siku ya kwanza nyumbani mama alijifunika kanga mbili akaacha uwazi wa kiganja tu, akageukia ukutani. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka ndani ya glavu. Kwenye kile chumba kuna dirisha linaloangalia banda la kuku, nililifunga, nikafuta meza kwa spiriti, nikanawa mpaka viwiko, nikafuta na vali, na bado nilikuwa naona vijidudu kila mahali. Maambukizi yanatokea kwa wachache, hilo nililijua, lakini ukiwa umeshika mpira ulioingia kifuani kwa mama yako neno wachache halikutulizi.

Mama akasema, "Hicho cha kufungia nipe mimi."

Kuna klipu kwenye bomba la chupa, ukiifungua maji yanakuja, ukiibana yanasimama. Nesi alishasema mgonjwa akisikia maumivu au kikohozi kikali bana, pumzisha. Mama akaichukua klipu na kuanzia siku ile haikutoka mkononi mwake. Mi nasafisha, naunganisha, naandika kwenye daftari. Yeye ndo anafungua na yeye ndo anafunga. Mililita 600, anafunga. Mililita 450, anafunga. "Inatosha baba, leo inatosha."

Miezi ile miwili ya mwanzo ilikuwa mizuri, nasema ukweli. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye migomba. Alisimamia mtori ukipikwa, akalalamika ndizi zimekatwa vibaya. Jumapili moja alienda kanisani akaimba beti zote, mi nilikuwa nyuma yake nahesabu pumzi badala ya kusikiliza neno.

47 kwa 24

Hapa ndo penyewe.

Usiku nilikuwa nasoma. Mtu ukiuguza unasoma hovyo, unaruka kutoka hiki kwenda kile, saa nane ya usiku macho mekundu. Nikakuta utafiti uliotoka 2017, wagonjwa wenye mipira kama ya mama, wengine walitoa maji kila siku, wengine siku moja wanatoa siku moja wanapumzika. Waliotoa kila siku, 47 kati ya kila 100 ngozi ziligandana zenyewe, maji yakakauka. Wale wengine 24. Karibu nusu ya hiyo.

Nikaona nimepata siri.

Yani nilichokisoma pale kilikuwa maji kukauka. Nilichokielewa mimi ni kupona. Hakuna mahali paliandikwa kupona, nimerudi nimesoma tena mwezi huu, hakuna. Ni mimi niliyeyaunganisha hayo maneno mawili kwa sababu nilikuwa nayahitaji yawe moja.

Daktari, tulipomuuliza, alisema kila siku inawezekana kama mgonjwa anavumilia. Kwa hiyo kuanzia mwanzo wa Novemba tukawa tunatoa kila siku, chupa nikianza kuzibania natumia mfuko. Na mimi nikabadilika. Nikiingia chumbani badala ya kumwambia mama umeamkaje naangalia daftari. Akifunga klipu kwenye 300 namwambia mama jitahidi kidogo. Siku moja, ilikuwa Jumatano, alifunga nikamwomba afungue, akafunga tena nikamwomba tena, na mara ya tatu akanipa klipu. Hakusema kitu. Akaniwekea mkononi tu. Nikafungua. Akaanza kukohoa, alafu akashika bega, akabana meno, machozi yakamtoka, na mi bado nilikuwa naangalia namba kwenye chupa, nadhani ni sekunde kumi hivi kabla sijabana. Maumivu ya namna ile ndiyo ishara kwamba chupa inanyonya na pafu haliwezi kufuata zaidi. Nilifundishwa hilo. Nilikuwa najua.

Sekunde kumi zile nazikumbuka kuliko mazishi.

Miezi hii ndo nimekuja kukuta utafiti mwingine, wa 2018, ulilinganisha wanaotoa kila siku na wanaotoa pale tu pumzi inapobana. Kwenye pumzi, hawakutofautiana. Maji yalikauka kwa wengi zaidi upande wa kila siku, na upande huohuo walijisikia nafuu kidogo kwa ujumla, kwa hiyo sisemi nilikosea kuchagua kila siku. Ninachosema ni kwamba pumzi, kile kitu ambacho mama alikiomba, alikuwa tayari anacho kabla sijaanza kumsukuma.

Ujumbe kwenye kundi

Desemba maji yakapungua. 200. 120. 70. Alafu 40, 30, 30. Tulishaambiwa ikishuka chini ya 50 mara tatu mfululizo turudi, maana yawezekana mpira umeziba au ngozi zimegandana. Tukashuka Moshi, wakapiga eksirei na altrasaundi, daktari akasema safi, pafu limeshika ukuta, hakuna maji ya maana, mpira tunaweza kuutoa. Akautoa wiki ileile.

Nikiwa bado kwenye benchi la nje nikaandika kwenye kundi la familia: "MAJI YAMEKAUKA. MUNGU NI MKUBWA. MAMA AMEPONA KIFUA."

Kifua. Niliweka neno kifua, na kwa muda mrefu nimejitetea nalo. Hakuna aliyelisoma.

Mnajua Desemba kwetu inavyokuwa. Magari kutoka Dar, Arusha, Mwanza, kila boma limejaa. Dada alikuja kutoka Uingereza, alikuwa ameomba likizo ndefu mpaka mwisho wa Februari, alikuja akitegemea kuuguza. Tarehe 27 tukafanya ibada ya shukrani nyumbani, mchungaji na jumuiya nzima, mbuzi wawili. Mama alikaa mbele na kitenge kipya, amekonda lakini anapumua, anasalimia kila mtu kwa jina na kwa ukoo. Watu walimshika mikono wakalia kwa furaha.

Usiku magari yalipoondoka niliingia kumfunika. Akaniambia nikae.

"Siku ile ulienda kulipia dawa, nilimuuliza daktari. Nikamwambia, haya maji yakikauka ndo nimepona? Akasema hapana mama. Akasema maji yamefungiwa mlango, ugonjwa uko ndani bado, na ini nalo limeguswa." Alisema yote hayo kwa pumzi moja, bila kukata. Nakumbuka niliwaza hilo, na nikajichukia kuliwaza.

Nikamuuliza ni lini hiyo. Mwezi wa kumi na moja, akasema.

Wakati mi nakaza chupa, yeye alishajua.

Nikamuuliza kwa nini basi ameacha tufanye ibada. Akasema yeye hakuona kosa kwenye ibada, alikuwa na cha kushukuru, alilala miezi minne kitandani kwake kama mtu. Alafu akasema, "Dada yako mwambie wewe. Mi nikimwambia atalia na mi sitaki kumwona analia."

Sikumwambia.

Kila asubuhi nilisema leo. Alikuwa anacheka na watoto, alikuwa anapanga kurudi mapema kwa sababu mama yuko vizuri na kazini wanamhitaji, na mimi ndiye niliyeandika kwa herufi kubwa. Tarehe 4 Januari nilimpeleka mwenyewe uwanja wa KIA. Mama alifariki tarehe 9 Februari, usingizini, hakubanwa pumzi hata kidogo. Dada aliwahi mazishi.

Tunaongea vizuri. Ananipigia kila Jumapili. Hajawahi kuniuliza nilijua lini, na mi ndo namwambia hapa, kwa sababu najua anasoma, na kabla sijapost nimempigia nikamwambia kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Akasema post.

Jibu

Jana usiku nikampigia yule mdada. Nilimwomba radhi kwa wiki tatu. Baba yake bado hawajamwekea, wameshamtoa maji kwa sindano mara ya tatu.

Nikamwambia kubalini, kama yeye mwenyewe mzee anataka. Nikamwambia klipu ashike yeye. Msimwambie jitahidi. Mnawe mikono kila mara hata siku mmechoka, na mkiona wekundu au usaha pale mpira unapotokea, au homa, msingoje kesho. Gozi na plasta nunueni za kutosha kabla, usiku wa manane huzipati. Maji yanaweza yakakauka na mpira ukatolewa, inatokea na ni jambo zuri, lakini kabla hamjamwandikia mtu yeyote kaeni na daktari mumuulize kilichokauka ni nini na kilichobaki ni nini, na muulize mzee akiwepo, maana inawezekana alishauliza.

Alinyamaza kidogo. Nilitegemea ataniuliza kuhusu kansa, au muda. Akauliza, "Kaka, zile chupa mlizokuwa mnatumia, kuna zilizobaki?"

Zilibaki saba. Ziko juu ya kabati la mama, boksi halijaloa, leo asubuhi nimeangalia tarehe na muda wake bado. Nimemwambia kila mpira una chupa zake, za kampuni nyingine haziingiliani na vali, kwa hiyo wakishamwekea anitumie kwanza picha ya ile sehemu ya mwisho, na nesi azikague kabla hazijaguswa. Zikiwa aina moja, Jumamosi nashuka nazo mjini.